Nakala ya Harusi ya Tobia

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile lilikuwa kuondolewa kwa kitanda. Walikuja wanaume wawili wa kampuni ya vifaa vya wagonjwa, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakakikunja kile kitanda cha umeme ambacho kwa miezi mingi kilikuwa kikipanda na kushuka katika sebule ya mbele, wakakitoa kwa mlango wa jikoni. Mmoja aliuliza kama mgonjwa amepata nafuu. Mwenzake alimkanyaga mguu. Reinout Hasselaar akawaambia kwamba mgonjwa alifariki tangu Agosti, na kwamba yeye ndiye aliyechelewa kuwapigia simu. Aliwapa kahawa. Waliinywa wamesimama, wakaenda zao, na kwenye zulia yakabaki mashimo manne ya magurudumu.

Ilikuwa Novemba, na huko mashariki ya Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani, jua la Novemba huchoka mapema. Watu wa pale wana desturi ya kutowasha taa giza linapoanza kuingia. Hukaa tu, madirisha wazi bila mapazia, mikono mapajani, mpaka mtu asiione tena sura ya aliyekaa naye. Ndipo mmoja ananyanyuka na kuwasha. Willemien, mkewe, alizaliwa katika nyumba ile ya shamba na hakuikosa saa hiyo hata siku moja. Reinout alitoka Leiden, alikosomea kemia, akaja kuifundisha huku maisha yake yote ya kazi. Mwanzoni aliona desturi ile ni ubahili wa umeme. Baadaye hakuweza kulala vizuri siku aliyoikosa.

Jioni hiyo alikaa kama kawaida, kiti cha Willemien kitupu kando yake, na mbele yake ukutani ile picha.

Ilikuwa nakala tu, iliyochapishwa kwenye karatasi nzito na kutiwa kioo na fremu nyeusi. Picha yenyewe ilikuwa katika jumba la makumbusho, kazi ya mchoraji wa karne ya kumi na saba ambaye hata jina lake halikujulikana, na Willemien aliinunua nakala yake katika duka la pale mlangoni walipokuwa bado wachumba. Ilionyesha usiku wa harusi ya Tobia na Sara, kisa kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki. Sara alipendwa na jini. Kila alipoolewa, jini yule alimuua bwana harusi usiku uleule, akawamaliza waume saba, mpaka alipokuja Tobia na ini la samaki, akalichoma juu ya makaa, na moshi wake ukamtoa jini mbio. Malaika akamfuata, akamfunga kamba. Mchoraji aliyaweka yote pamoja. Tobia alipiga magoti kando ya chungu cha makaa. Sara aliketi kitandani, uso kaugeuzia mapazia. Juu pembeni, gizani, alikuwepo jini aliyefungwa, na ilibidi uinamishe kichwa ndipo umwone. Willemien alipolazwa sebuleni aliomba picha ishushwe kutoka chumbani, iangikwe mbele yake. Alisema Sara anamtia moyo, kwa kuwa ndiye mtu pekee nyumbani mwenye shida kumshinda yeye.

Sasa Reinout aliona kwamba makaa yamezimika.

Pale chini ya ini palikuwa siku zote na doa jekundu, dogo kama ukucha. Lilikuwa limegeuka kijivu. Aliinuka, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Maelezo hayakuwa mbali: katika karatasi zilizochapishwa, wino mwekundu ndio hufifia kwanza ukipigwa na jua, na picha ile ilikaa kiangazi kizima mbele ya dirisha. Akarudi kitini. Njiani akatambua kwamba shavu la Tobia lilikuwa bado jekundu, na joho la malaika vilevile, lakini alikuwa amechoka, akaliacha hapo. Kilichomfanya awashe taa mapema ni harufu: samaki aliyeungua, aliyepoa, kama sufuria iliyosahauliwa tangu jana. Hakuwa amepika samaki tangu masika.

Hapa lazima isemwe habari ya majirani. Katika sehemu zile mtu akifiwa hafanyi kitu. Majirani ndio huja. Huosha maiti, husimamisha saa ya ukutani, hufunika kwa shuka jeupe kila kitu chenye kioo, hupita nyumba kwa nyumba kutangaza msiba, na hulibeba jeneza wenyewe na kulitoa kwa mlango mkubwa wa ghala, ule wa mikokoteni ya nyasi, ambao bibi harusi huingilia na maiti hutokea. Mfiwa hukaa jikoni akapewa kahawa. Baada ya mazishi watu hurudi kula mkate wa zabibu, na pale mezani kila mmoja humsimulia marehemu kwa zamu, mume au mke akiwa wa mwisho.

Asubuhi ile ya Agosti, Gerdien Wissink, jirani wa kwanza upande wa kulia, daktari wa mifugo aliyestaafu, aliyejua kwamba mwisho u karibu, alifika mlango wa nyuma na shuka zake mkononi. Reinout alimshukuru. Alimwambia kwamba ameshaita kampuni ya mazishi, asijisumbue. Hakusema kwa ubaya. Dakika chache kabla ya hapo lilikuwa limempata jambo ambalo hakutaka mtu alisome usoni pake, na watu wa kampuni wasingemtazama usoni. Gerdien alizikunja tena shuka ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, akaondoka. Watu wa kampuni walikuwa na adabu sana. Walimtoa Willemien kwa mlango wa jikoni, kwa sababu gari lilikuwa upande huo. Vioo havikufunikwa, wala saa haikusimamishwa. Kanisani majirani walisimama nyuma, na ibada ilipokwisha walirudi makwao bila kahawa, kwa kuwa kahawa haikuwepo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeupita mlango wa Reinout ila Jorien, binti yake, aliyekuja kutoka Utrecht siku za Jumapili.

Siku chache baada ya makaa kuzimika, alikisikia kitanda.

Kitanda cha umeme kina sauti yake, mvumo mwembamba wa mota, kisha pumzi fupi mgongo wa godoro unapofika juu. Aliusikia mvumo ule kushoto kwake, juu ya yale mashimo manne ya zulia, ukapanda, ukafika, ukapumua. Hakugeuka. Alikaza macho kwenye picha, na katika mwanga uliobaki akaona sikio la Sara. Mwanamke yule alikuwa ameuficha uso wake tangu siku walipomnunua, na sasa sikio lilikuwa nje, na chini yake mstari wa taya. Giza likazidi. Kiti cha pili kikalia kidogo, kama kinavyolia kikipata mtu.

“Rein,” ilisema sauti pale. “Usiwashe taa kwanza.”

Ndivyo Willemien alivyokuwa akisema kila jioni, kwa maneno hayohayo na uvivu uleule. Reinout hakuiwasha. Kama angeulizwa angesema kwamba hakuogopa, na angekuwa anasema kweli. Alihisi kama mtu aliyetua mzigo njiani, anayejua kwamba ni wa kubebwa tena.

“Nieleze ile siku ya kivuko,” ilisema sauti.

Akaieleza. Walikuwa wakivuka kwenda kisiwani, upepo mkali, Willemien ameketi juu ya ukingo akining'iniza miguu, na kiatu kimoja kikamchomoka kikazama. Akazunguka kisiwa siku nzima, mguu mmoja ndani ya buti la mpira la Reinout, akiwaambia watu ndiyo mtindo wa mjini. Sauti ilicheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama Willemien. Giza lilipojaa kabisa akawasha taa. Kiti kilikuwa kitupu, mto wake umebonyea, na harufu ya samaki ilikuwa nzito hata akafungua dirisha.

Ikawa hivyo kila jioni. Mchana ulikuwa wa kusubiri tu. Alikula mkate mkavu wa shayiri amesimama, akaacha kunyoa, akaacha kufungua barua, na saa tisa ilipogonga alikuwa tayari ameketi. Alieleza harusi, na mbwa aliyeila keki ya harusi. Alieleza kuzaliwa kwa Jorien katika theluji, na jinsi Willemien alivyomtukana mkunga kwa Kilatini cha kanisani. Alieleza ugomvi wao mkubwa na jinsi ulivyoisha. Kila jioni Sara wa kwenye picha alikuwa amegeuka kidogo zaidi, na kila asubuhi Reinout aliamka akiwa mwepesi na mtupu, kama mtu aliyetoka homa.

Jorien alipokuja Jumapili na supu ya njegere alisimama kizingitini akivuta pua.

“Baba, umepika samaki?”

“Sijapika.”

“Basi kuna kitu kimeoza humu. Fungua hata dirisha moja, unaishi kama fuko.”

Alipita sebuleni akipangusa vumbi kwa mkono wa sweta. Juu ya kabati palikuwa na kiatu kimoja cha kike, cha zamani. Akakiinua, akatabasamu, akasema kumbe bado anacho kiatu cha kivuko. Reinout aliuliza ni kivuko gani. Jorien alicheka, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa mizaha mikavu. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. Akamwuliza jina la mbwa aliyekula keki. Akamwuliza yeye mwenyewe alizaliwa majira gani. Mwishowe alichukua picha ya mamake iliyokuwa karibu na simu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

“Huyu ni nani?”

“Mama yako,” alisema Reinout.

Alipata jibu kwa hesabu. Mwanamke mzee mwenye pua ya Jorien, ndani ya nyumba ile, hangeweza kuwa mwingine. Lakini uso ule hakuutambua.

“Kuna kliniki ya kumbukumbu,” Jorien alisema baadaye, akiwa kwenye sinki, bomba amelifungua hadi mwisho ili asisikike analia. “Nitakuombea nafasi.”

“Mimi sina ugonjwa huo.”

“Wote husema hivyo, baba. Ndiyo dalili ya kwanza.”

Alipoondoka, Reinout alikaa akifikiri kwa utaratibu, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Siku iliyofuata alimpigia simu binti yake asubuhi. Akamwambia: “Nakusimulia kitu. Kesho unirudishie kama nilivyokwambia.” Akamweleza jinsi Willemien alivyokata nywele zake zote kwa makasi ya kupogolea miti, kwa sababu ya kubishana na kaka yake. Jioni ile alikieleza kisa hichohicho kwa aliyekaa kwenye kiti cha pili. Kesho yake Jorien alipiga simu, akakirudia neno kwa neno, na Reinout akakisikiliza chote, makasi na nywele na kaka, kama habari za watu wa kijiji asichowahi kufika.

“Umesahau?” Jorien aliuliza kwa sauti ndogo.

“Ni jaribio tu.”

“Usijifanyie majaribio, baba. Kesho asubuhi nakuja, na safari hii sirudi peke yangu.”

Basi alijua. Na hii ndiyo sehemu ngumu kuiandika: alijua, na jua lilipoanza kushuka siku ileile akaenda akaketi. Alijiambia kwamba kumbukumbu hazina mikono, hazikai kitini, hazisemi usiwashe taa kwanza. Kwamba mtu ana haki ya kubadilisha miaka iliyokwisha kwa saa moja iliyo hai. Kwamba akishaishiwa atakuwa hana cha kulilia, na hiyo nayo ni aina ya kupona. Na huku akijiambia hayo alitazama ukutani akaona kwamba Tobia amefifia hata vigae vya sakafu vinaonekana kupitia mgongo wake, kwamba kule juu pembeni kamba ya malaika inaning'inia imefunga hewa, na kwamba Sara amemaliza kugeuka na anamtazama moja kwa moja, na uso wake anaujua, ndio uso pekee duniani alioujua siku hiyo, ulikuwa wa mke wake, na ile picha ya karibu na simu ilikuwa ya mwanamke mgeni.

Mvumo wa mota ulipanda, ukapumua. Kiti kikalia.

“Rein.”

“Nipo.”

“Nieleze nilivyokufa.”

Reinout aliyageuzia macho yake dirishani.

“Ni hilo tu nisilokuwa nalo,” ilisema sauti, kwa upole. “Nipe hilo, halafu tupumzike.”

Alitafuta ndani yake akaona kwamba ndivyo ilivyo. Kila kitu kingine kilikuwa kimekwenda; palibaki asubuhi moja tu ya Agosti, ile ambayo hakumwambia Gerdien, wala kasisi, wala Jorien, ambayo kwa miezi mitatu aliomba imtoke. Na sasa akaelewa bei yake. Akiitoa hiyo, hatajua tena kwamba mkewe amekufa. Aliye kwenye kiti cha pili ndiye atakayekuwa Willemien, wa jana na wa siku zote, na yule aliyelala nyuma ya kanisa hatakuwa amewahi kuwa na mume.

“Hilo hapana,” alisema.

“Nimechoka kungoja, Rein.”

“Hata mimi nimechoka.”

Mkono ukawekwa juu ya mkono wake. Alikuwa ametazamia baridi. Haukuwa baridi, ulikuwa vuguvugu, wenye majimaji, laini bila mfupa ndani, na ulijimwaga polepole juu ya vidole vyake na kuingia katikati yao kama ini lililotoka sasa hivi tumboni mwa samaki, na harufu ikapanda nao, na alipojinyanyua mkono ule ulivutika kwanza kabla ya kuachia. Akafika ukutani. Akawasha taa. Mara zote taa ilipowaka kiti kilikuwa kitupu, na safari hii hakikuwa kitupu: aliona nywele za Willemien kwa nyuma, na sweta ya Willemien, na kichwa kikianza kugeuka kuelekea kwake, taratibu sana, kwa mwendo uleule ambao Sara aligeuka nao majuma yote yale, na hakungoja kifike.

Alitoka kwa mlango wa jikoni akiwa na ndara za nyumbani, akakatiza shamba.

Kwa akina Wissink walikuwa mezani. Gerdien alikuwa amempakata mbwa mzee akimsafisha masikio, na mumewe, Tonnie, alikuwa akila.

“Mwalimu,” Gerdien alisema bila kuinuka. “Leo umeikumbuka njia.”

“Jirani, kuna kitu nyumbani kwangu.”

“Panya?”

“Kina sauti ya Willemien.”

Tonnie aliweka kijiko chini. Gerdien alimteremsha mbwa, akaosha mikono, akakaa tena. Alimwuliza mambo kama anavyouliza habari za ng'ombe aliyeugua: kimeanza lini, kinakuja saa ngapi, kinataka nini. Reinout alijibu yote, mpaka lile la mwisho kililolitaka, ila hakusema lenyewe ni lipi.

“Siku ile alipofariki,” Gerdien aliuliza, “kuna kioo kilichobaki wazi?”

“Vyote.”

“Na hiyo picha ya mchumba wa samaki?”

“Ilikuwa mbele yake. Ilimtazama hadi mwisho.”

Gerdien aliitazama meza. “Nisikudanganye. Mimi si mganga, nimezalisha ng'ombe maisha yangu yote. Mama yangu alifunika kila chenye kioo, nami nikafunika kwa sababu yeye alifunika. Sijui kinachozuiwa ni nini. Ninachojua ni kwamba siku ile ilinipasa nikusukume niingie na shuka zangu. Nilijiona nimetukanwa, nikarudi hapa nikanuna. Nimenuna mpaka leo. Muulize Tonnie.”

“Amenuna,” alisema Tonnie.

“Haya, niombe.”

“Nikuombe nini?”

“Unajua. Siingii bila kuombwa.”

Reinout alisimama pale katikati ya jiko lao, ndara zimelowa tope, akasema maneno ambayo huko husemwa na kila mfiwa na ambayo yeye hakuyasema Agosti.

“Jirani, mke wangu amefariki. Naomba mje mtutolee maiti.”

“Tunakuja,” alisema Gerdien. “Pole sana, Mwalimu.” Na hapo ndipo Reinout alipotambua kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amepata nafasi ya kumpa pole.

Walimketisha jikoni kwake na kumwekea kahawa. Gerdien alimkataza kuinuka, asikie atakalosikia, maana kazi ile si ya mfiwa. Akachukua shuka, akaingia sebuleni pamoja na Tonnie, mlango wa katikati ukabaki wazi kidogo. Reinout akashika ukingo wa meza. Alisikia saa ikisimamishwa. Alisikia shuka likikung'utwa, na papo hapo mvumo wa mota ukaanza, juu kuliko siku zote.

“Rein,” ilisema sauti. “Wananifunika uso.”

Hakuinuka.

“Rein, waambie mimi ni nani.”

Angeinuka kwa hilo. Miguu yake ilikuwa tayari imejikunja chini ya kiti. Lakini alipotafuta la kuwaambia, yeye ni nani, alipenda nini, aliimba nini, alikuwa wapi siku ya theluji, hakukuta kitu cha kusema. Kila ambacho kingemsimamisha kilikuwa kimeshachukuliwa na huyohuyo anayeomba. Akabaki kitini. Akasikia msumari ukitoka ukutani, na Tonnie akiguna kwamba karatasi gani hii yenye uzito wa ndama, na Gerdien akimwambia abebe, asizungumze, asitazame chini. Hatua zao zilipita kwenye ukumbi wa ghala nzito na za kupishana, hatua za watu wenye jeneza. Komeo la mlango mkubwa, ambalo halikufunguliwa miaka mingi, lililia. Upepo wa nje ukapita nyumba nzima hadi jikoni, ukageuza kurasa za gazeti mezani. Mvumo wa mota ukashuka, ukashuka, ukakatika.

Gerdien alirudi baada ya muda akiwa na masizi usoni. Aliichoma ile picha kwenye shamba lake, alisema, kwenye mabua. Ilikataa kushika moto mpaka alipoilaza kifudifudi. Akanywa ile kahawa ya Reinout ambayo mwenyewe hakuwa ameigusa, akamwambia akalale, na Reinout akalala hadi alfajiri bila ndoto.

Asubuhi yake alinyoa ndevu, akaenda kwa mwokaji, akanunua mkate wa zabibu, ule mrefu wa mazishi. Akaburuta meza hadi kwenye ukumbi wa ghala, akaufungua mlango mkubwa pande zote mbili, akachemsha kahawa kwenye birika la sherehe. Jorien alipofika alimkuta akikata mkate. Alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Akamwangalia, akavua koti, akaanza kupanga vikombe.

Majirani waliingia kwa mlango mkubwa wakiwa wamevaa nguo nyeusi, kama kwamba mazishi yalikuwa jana. Wakala, wakasimulia kwa zamu. Tonnie alisema Willemien alikuwa mwizi katika mchezo wa karata, na kwamba mama yake Tonnie alikufa akimdai ushindi. Mwingine alieleza jinsi Willemien alivyoliingiza trekta mtaroni, akashuka akaenda kwake kunywa chai kana kwamba ndipo alipokuwa akienda. Watu walicheka, Jorien akacheka huku akijifuta macho. Reinout alisikiliza. Kila kilichosemwa alikitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa mfuko, na hakukipata hata kimoja. Alisikitika kwamba hakubahatika kumjua mwanamke huyo.

“Na wewe, Mwalimu?” aliuliza Gerdien, zamu ilipofika mwisho.

“Mimi ninalo moja tu,” alisema.

Akawaambia. Dawa za maumivu zilikuwa nyingi asubuhi ile. Willemien aliomba kitanda kiinuliwe, akatazama nje, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemsaidia barabarani.

“Aliniambia: asante sana, bwana, umekuwa mwema kwangu. Sasa nenda nyumbani, mke wako anakungoja.”

Hakumsahihisha. Alimjibu kwamba sawa, anakwenda. Akaenda jikoni, akasimama pale akiangalia ukuta kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda, na aliporudi alikuwa amekufa. Akaipigia simu kampuni ya mazishi, na alipoiweka chini ndipo Gerdien alipobisha mlango wa nyuma.

Tonnie alikitazama kikombe chake. Jorien alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Reinout aliendelea kukaa wima, akingoja, kama alivyokuwa akingoja darasani baada ya kumimina kemikali moja ndani ya nyingine, aone kama kumbukumbu ile nayo itamtoka. Haikumtoka. Dirisha lilikuwepo, na mwanga juu ya blanketi, na ile sauti ya adabu.

Gerdien alimsogezea mkate. Akachukua kipande, akakipaka siagi hadi pembeni. Kisha Jorien akamwomba amweleze tena, polepole, tangu pale kitanda kilipoinuliwa, naye akaeleza tena.